Maandazi ya Namna Gani?

Ukoo ukishajua kwamba unaandika magazetini, umekwisha. Kadi za harusi ni zako, risala za mahafali ni zako, na barua ya kumwombea mtoto ruhusa shuleni ni yako. Ndiyo maana shangazi yangu wa Tandika alipoamua kusimamisha kibao mbele ya meza yake ya maandazi hakuniuliza kama nina nafasi. "Baba, fundi wa maandishi anakuja Jumamosi," alisema. "Neno 'maandazi' ninalo. Njoo unitafutie la kuongezea."

La kuongezea lenyewe liwe moja tu, maana fundi hutoza kwa herufi.

Shuleni tulikaririshwa kwamba kivumishi cha sifa hueleza nomino ilivyo. Mteja wa Tandika hasomi hivyo. Akiona sifa kwenye kibao, kwanza anajiuliza mwenye meza anaficha nini. Jirani yake shangazi aliandika "Chapati Safi", na tangu siku hiyo watu wakaanza kuzigeuzageuza chapati zake kabla ya kula, ukaguzi ambao haukuwahi kuwapo. "Ya Leo" ni balaa zaidi. Aliyekuwa halifikirii la jana sasa analitafuta kwa macho.

Nilianza na "Matamu". Shangazi akaguna: kila mtu kaandika matamu, hata yule wa kule kona ambaye andazi lake ukimrushia mbwa anakimbia. "Ya Moto" ilimvutia mpaka alipokumbuka saa nne. Maandazi yake yanatoka kwenye karai alfajiri, saa nne yameshapoa, na vijana wa bodaboda hawana simile. Nikakitetea kivumishi changu: mbona dukani ukitaka maji unaulizwa, "Ya baridi au ya moto?", na ukisema ya moto unapewa chupa iliyokuwa imekaa tu kwenye shelfu, haijaonja jiko tangu izaliwe? Shangazi akasema maji ni maji na andazi ni andazi.

"Makubwa" lilikuwa la kweli, kwa siku ile. Lakini unga ukipanda bei ni andazi linalonywea, kibao kinabaki na unene wake. Isitoshe, shangazi ni mtu wa Tanga. "Nisimamishe kibao barabarani kinasema 'Maandazi, makubwa!' Watu si watauliza yamefanya nini?"

"Ya Nazi" hakulijibu. Aliangalia pembeni, akanikaribisha chai.

Kijana mmoja aliyekuwa anapita akatushauri tuandike "ya Kisasa". Nakiri neno hilo lina bahati zake. Kuna nyumba ya kisasa, choo cha kisasa, kinyozi wa kisasa, na wote wamepandishwa hadhi nalo. Ila ulizia kuku. Kuku wa kisasa ndiye kiumbe pekee niliyemwona akipewa sifa hiyo akashuka bei, huku mwenzake wa kienyeji, mwenye misuli ya kukimbia mtaa mzima na nyama ya kutafuna hadi taya ziume, anauzwa kama mali ya urithi. Chakula ukikiita cha kisasa, mtu anasikia sindano na dawa. Tukamshukuru kijana, tukamwacha aende zake.

Tukabaki na "Laini". Hapo dereva wa bodaboda aliyekuwa kwenye benchi anakunywa chai akashindwa kuvumilia. "Mama, laini hapana. Laini linakufia kikombeni." Akachukua andazi, akalichovya mpaka nusu, akatulia nalo kidogo huku ametukazia macho, kisha akalinyanyua likiwa zima, linachuruzika, limevimba, halijamegeka hata chembe. Akalimaliza kwa mafunda mawili. Sijaona utetezi wa andazi uliotimia namna ile, lakini hauna kivumishi cha herufi chache.

Basi tukarudi kwenye "Matamu", nami nikaenda zangu nikijua limekwisha.

Jumamosi shangazi akaona kibao kina nafasi. Akamwambia fundi, bila kunishirikisha, achomeke na vitumbua. Fundi ni mtu makini. Anajua kivumishi hufuata nomino iliyo jirani nacho, na kwa rangi ya njano juu ya bluu bahari akaandika: MAANDAZI NA VITUMBUA VITAMU.

Sarufi haikuwa na neno. Wateja ndio walikuwa nalo. "Shikamoo, mama. Naona vitumbua ni vitamu. Na maandazi je, vipi?" Kufika saa tatu vitumbua vimekwisha, sinia la maandazi limejaa, na shangazi amenipigia simu kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa shamba.

Kugeuza mpangilio ilikuwa kuvihamishia vitumbua fedheha. Kuandika "Maandazi Matamu na Vitumbua Vitamu" ilikuwa kumjengea fundi nyumba. Njia iliyobaki ni vivumishi, vingi vyenye asili ya Kiarabu, visivyobeba kiambishi na visivyojali ngeli ya mtu. E. O. Ashton alishavitenga kwenye kitabu chake cha sarufi mwaka 1944, ingawa sidhani alikuwa anawafikiria wauza maandazi. Nikamsomea shangazi orodha. "Rahisi" alilikataa kwa ukali: watu watadhani anayesemwa ni yeye. "Bora" akalisikiliza mara mbili, akasema linanong'ona "bora vitumbua", tunarudi palepale. Yaliyosalia kichwani mwangu yalikuwa duni, ghali na haba, yote yakikaa vizuri kisarufi.

Akamwita fundi afute VITAMU. Bluu bahari ilikuwa imemwishia, akapaka rangi aliyokuwa nayo, ile ya damu ya mzee. Sasa kibao kinasomeka MAANDAZI NA VITUMBUA, halafu kiraka chekundu kilichokolea kinachoonekana tangu kituo cha daladala.

Mauzo yamepanda. Watu wanasimama kuuliza hapo palipofutwa paliandikwa nini, na huwezi kumsimamisha mama wa watu meza yake imejaa halafu usinunue hata moja. Shangazi hasemi. Anawaacha wakisie, na kila anayepatia au kukosa anafungiwa mawili. Mmoja tu alikisia "ya jana", akafukuzwa.