Nimeziweka Mahali Pazuri

Nyumbani kwetu Morogoro kitu kikipotea hatuulizi nani amekichukua. Tunauliza nani alikitunza. Funguo zikitupwa hovyo mezani zitaonekana; zikitunzwa na mtu makini, tutaziona siku ya kuhama nyumba. Sheria hii naijua miaka mingi, ila sikuwahi kuiona ikichapa kazi kama wikiendi ile mimi na shemeji yangu tulipofunga hema kwenye pikipiki tukaenda kupiga kambi Udzungwa.

Wazo lilikuwa lake. Shemeji ni mdogo wake mke wangu, kijana ambaye akitazama video tatu za jambo lolote, la nne anakufundisha wewe. Zamu hii alikuwa ametazama Wazungu wanaozunguka dunia kwa pikipiki, wanalala porini, wanachemsha kahawa huku jua linachomoza nyuma ya mlima.

"Shemeji," akaniambia, "milima tunayo, pikipiki tunayo. Tumekosa nini?"

Sikuwa na jibu. Jibu nililipata siku iliyofuata: tulikosa fito za hema.

Naomba ieleweke kwamba fito zile hazikuachwa kwa uzembe. Usiku wa Ijumaa nilipanga kila kitu sebuleni: hema la kuazima, mablanketi mawili, sufuria, jiko la mafuta ya taa, mchele, mkate na tochi. Fito zilikuwa ndefu, begini haziingii. Nikaziegemeza ukutani karibu na mlango wa mbele, ili asubuhi nikitoka tu nigongane nazo. Asubuhi nikaufungua mlango kwa ndani, kama unavyofunguka miaka yote, ukazifunika fito barabara, nami nikatoka nikijipongeza kwa maandalizi.

Shemeji aliendesha. Mimi nilikaa kati ya mgongo wake na mzigo uliofungwa kwa mipira kwenye keria, mzigo ulionizidi kimo, hata kugeuza shingo ilikuwa shughuli. Pale Msamvu bodaboda mmoja alitutazama toka juu hadi chini akauliza, "Wazee, mnahama au mmefukuzwa?" Shemeji akajibu kwamba tunakwenda kutalii. Kijiwe kizima kikacheka.

Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inapasua katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Ukiwa ndani ya basi, hapo ndipo watu wanasogelea madirisha na kuonyeshana swala. Ukiwa juu ya pikipiki, dirisha ni wewe mwenyewe. Kuna mabango yanayotaja faini za wanyama utakaowagonga. Nililitafuta bango la faini anayolipa tembo akimgonga abiria wa pikipiki, halikuwepo.

Ni hapo hapo, mbele ya tembo wanne waliokuwa wanavunja matawi kando ya lami, ambapo pikipiki ilianza kumisi. Ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena. Shemeji, aliyekuwa anaimba tangu Morogoro, akaacha kuimba. Tembo mmoja akageuza masikio upande wetu, yale masikio yaliyo sawa na milango miwili ya banda. Nilimwahidi Mungu mambo mengi kwa dakika ile, na mengine mpaka leo sijayatimiza. Kisha injini ikapata pumzi, tukapita tumeinamisha vichwa kama watu wenye deni wanaopita mbele ya duka.

Mikumi mjini tukakata kushoto. Kidatu tukavuka Mto Ruaha Mkuu, tukaingia kwenye mashamba ya miwa, na mkono wa kulia milima ikasimama. Udzungwa haikukaribishi polepole kwa vilima vidogo. Uko bondeni kwenye miwa, unainua macho, na msitu umeshasimama mbele yako kama ukuta wa kijani uliofunikwa wingu.

Kambi yetu ilikuwa Mang'ula, nje kidogo ya geti la hifadhi. Tukafungua mzigo. Shemeji akatoa hema, akalitandaza, akaupeleka mkono begini, akautoa mtupu.

"Shemeji, fito ziko wapi?"

"Nimeziweka mahali pazuri," nikasema, na kabla sijamaliza sentensi nikauona mlango wa nyumba yangu.

Hakuniambia neno, na kwa mtani wangu ukimya ni adhabu kubwa. Tukafunga upande mmoja wa hema kwenye mpera na upande wa pili kwenye usukani wa pikipiki. Likasimama kiasi cha kulala, likiwa limebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee.

Ili kunionyesha jinsi mtu makini anavyofanya kazi, Shemeji akaamua kutibu kile kikohozi. Akafungua plagi, akaisugua kwa msasa, akaisuuza kwa petroli, akaihifadhi mahali salama isije ikapotelea kwenye majani, akaenda kunawa. Wakati huohuo kima akashuka mtini bila haraka, akachukua mkate wetu wote, akapanda kuula juu ya vichwa vyetu. Tukamrushia maneno. Akaturushia mfuko.

Giza likatukuta hatujapika. Tochi ilikuwa imejiwasha yenyewe begini tangu Morogoro, hivyo betri zilikwisha kabla ya kazi kuanza. Nikapika wali kwa kupapasa: maji, chumvi, mchele, mfuniko.

"Shemeji," akasema baada ya tonge la kwanza, "wali huu unanukia sheli."

"Ni jiko," nikasema.

Njaa haibagui. Tulikula wa juu. Wa chini ulikuwa umeungua na kugandamana, tukauacha sufuriani na jiwe juu ya mfuniko, kwa heshima ya kima.

Usiku wa manane nikaamshwa kwa kiwiko. "Shemeji, kuna mtoto mchanga analia juu ya mti." Nikasikiliza. Kweli, kilio kile kilikuwa cha mtoto aliyekosa nyonyo. Nikamwambia ni komba, yule yule tunayemsingizia kila mlevi wa mtaani. Hakuridhika. Komba wa pili alipoitikia wa kwanza, Shemeji aliinuka wima ndani ya hema lisiloruhusu kuinuka wima, akaisukuma pikipiki, pikipiki ikalala, nalo hema likatufunika kama samaki kwenye jarife. Tukalala hivyo hivyo.

Asubuhi akapiga kiki. Akapiga ishirini. Nikainama kutazama injini: waya wa plagi unaning'inia, na pale penye plagi pana tundu.

"Kima!" akasema Shemeji.

Nikamwuliza kima anaitakia nini plagi. Akaniuliza mkate aliutakia nini. Hoja ilikuwa nzito, na kwa hakika nilianza kutazama juu ya miti kama mpelelezi.

Tukaona tupande kwanza mlimani, mengine baadaye. Hifadhi ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, lakini msitu huu hautembelewi kwa gari. Unatembea. Jambo hilo lilinifariji: aliyekuja na gari la kifahari na aliyekuja na pikipiki isiyo na plagi, wote wanaanza na mguu wa kulia.

Mwongozaji wetu, dada mpole mwenye pumzi za treni, alitupeleka Maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake yanaanguka jumla ya mita 170. Sisi tulikuwa tunaanguka kwa awamu ndogo zaidi. Kila tulipoketi "kutazama mandhari", yeye alitupa somo. Alituambia msitu huu ni mtunzaji wa siri. Mangabe wa Sanje, nyani mkubwa tu mwenye sauti ya kusikika mbali, wanasayansi walimtambua mwaka 1979.

"Na kwale wa Udzungwa je?" akasema. "Huyo walimpata sufuriani."

Watafiti kutoka Denmark, akasimulia, walikuwa kambini milimani humu mwaka 1991. Wakala kitoweo cha ndege kama kuku, wakashiba. Kisha mtu akatazama ndani ya sufuria, akaona miguu ya ndege ambaye hayumo katika vitabu vyao. Alikuwa ni aina mpya kabisa, ambaye ndugu zake wa karibu wako huko Asia.

"Kwa hiyo kaka zangu," akamalizia, "kabla hamjaosha sufuria, angalieni chini kuna nini."

Nikamtazama Shemeji. Shemeji akatazama maporomoko.

"Ile plagi," nikamwuliza taratibu, "uliihifadhi wapi?"

Maji ya Sanje yaliendelea kuanguka. "Mahali salama," akasema. "Kwenye kitu chenye mfuniko."

Tuliteremka mlima kwa mwendo ambao dada yule alisema hajawahi kuuona kwa watalii. Kambini nikaondoa jiwe, nikafunua mfuniko, nikachimba ukoko kwa kisu. Ulitoka mzimamzima kama sahani ya udongo, mweusi chini, rangi ya asali pembeni. Tukaugeuza. Katikati, imezungukwa na punje zilizogeuka mkaa, plagi ilikuwa imelala kama jino la dhahabu. Nadhani katika historia ya pikipiki hakuna plagi iliyowahi kusafishwa hivyo: msasa, petroli, maji ya chumvi, na saa nzima ya moto wa wastani.

Shemeji akaifunga. Kiki moja, ikawaka, bila kikohozi. Nikamwambia sasa amwombe kima radhi. Alitaka kumpa ndizi, mwongozaji akatukumbusha kuwa wanyama wa hifadhi hawalishwi. Basi akamwomba kwa mdomo, amevua kofia ngumu, huku kima anajikuna.

Tulifika Morogoro usiku, tumejaa vumbi, nami nikaenda moja kwa moja nyuma ya mlango. Hapakuwa na kitu.

"Mama watoto," nikaita, "hapa palikuwa na fito za hema la watu."

"Nilizikuta nikifagia," akajibu toka jikoni. "Nikazitunza."

"Umezitunza wapi?"

Pakapita kimya kirefu. Nikamsikia anaweka mwiko chini.

"Mahali pazuri," akasema.

Ni mwezi wa tatu sasa. Mwenye hema bado ananipigia simu.