Mbwa Huyu Ana Deni Langu

Mbwa wa mtaani sina ugomvi nao. Ninayemdai ni yule wa gemu la Duck Hunt, mbwa wa kahawia anayechomoza kwenye nyasi kila ukikosa bata, anaziba mdomo na kukucheka. Yeye mwenyewe kazi yake nini? Ananusanusa, anajirusha kichakani, halafu anasimama akimnyanyua bata niliyempiga mimi, kifua mbele. Nikikosa, anacheka. Hakuna bosi asiyefanana naye.

Na kukosa ni rahisi. Una risasi tatu tu, bata wanakata kona, tena kuna jambo ambalo wengi wetu tulichelewa kulijua: kwenye ule mchezo wa bata mmoja, aliyeshika pedi ya pili anaweza kumwendesha bata. Kaka yangu alilijua miaka yote. Alikaa pembeni na pedi yake mapajani, mpole kabisa, eti anasubiri zamu.

Nintendo walilitoa gemu hilo Japani mwaka 1984. Kwetu lilifika ndani ya mashine za kuigiza, na kaseti iliyoandikwa magemu 9999, mengi yakiwa yaleyale yaliyobadilishwa majina. Bunduki ya plastiki ilikuwa humohumo kwenye boksi.

Juzi nimeipata tena, mashine na bunduki yake, kwa muuza mitumba. Nikachomeka kwenye TV yetu bapa, nikalenga, nikafyatua. Hola. Nikasogea mpaka mtutu ukagusa kioo. Mbwa akacheka. Mpwa wangu akakohoa kidogo: "Mjomba, au ni macho?"

Si macho! Bunduki ile haitoi kitu chochote, inatazama tu. Ukifyatua, skrini inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua, kisha pale alipo bata panatokea kisanduku cheupe. Kijicho kilichomo kwenye mtutu kikiuona weupe huo, bata kafa. (Ule weusi wa kwanza ni wa kuwanasa wajanja wanaolenga balbu ya sebuleni. Walitufahamu.) TV ya chogo ilichora picha papo hapo. Hii bapa inaipokea picha, inaitafakari, inaipamba, ndiyo inaionyesha. Weupe unapofika, bunduki imeshafunga hesabu. Yaani nimelipia TV ya bei mbaya ili mbwa ashinde daima.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kwenye toleo la mashine za sarafu, Vs. Duck Hunt, kuna raundi ya ziada ambamo mbwa anaruka katikati ya bata na risasi inampata. Wenye sarafu walipewa haki yao. Sisi wa sebuleni tukaambiwa tuvumilie.

Basi nimekwenda kwa fundi. Anayo TV ya chogo, inchi 21, anaitumia kuwekea chai. Alipoona nimeipenda, bei ikapanda palepale, na chai akaihamisha.

Mama Zai amepima kabati kwa macho. "Baba Zai, chogo hilo litatokeza mpaka wapi?"

Nimemwambia tutasogeza kochi.

"Na hii bapa?"

"Ya taarifa ya habari."

"Na rimoti ya hiyo nyingine?"

Haina rimoti. Ina kitufe kimoja, na fundi anasema kinabonyezwa kwa kijiti cha kiberiti. Bajaji inaileta jioni.