Upepo Umezidi

Mimi ni mtoto wa Tanga, na mtoto wa Tanga hafundishwi baiskeli. Ya kwanza kuipanda ilikuwa Phoenix ya baba mdogo, wakati huo sijafikia kiti. Nilipenyeza mguu mmoja chini ya bomba la katikati nikawa naendesha upandeupande kama kaa. Nilipofika darasa la sita nilikuwa natumwa Pongwe kufuata nazi, kwenda na kurudi, njia za ndani za vumbi, keria imelemewa mpaka tairi la nyuma linalalamika. Sijawahi kuanguka. Haya, niseme kweli: nimewahi kuanguka, ila nazi hazikupasuka, na kwetu hilo halihesabiwi.

Ndiyo maana jirani yangu hapa Torino, Italia, aliponiuliza kama nimewahi kuendesha baiskeli kwenye changarawe, nilicheka hadi nikakohoa. Nikamweleza kwamba kwetu changarawe ndiyo barabara yenyewe. Lami ni ahadi ya kampeni. Jirani ni mzee wa miaka 68, mstaafu wa reli. Anaishi ghorofa ya chini na mkewe na baiskeli tatu, na mkewe ameshanidokeza ni nani huingizwa ndani kwanza mvua ikinyesha.

"Basi Jumamosi twende Finestre," akasema mzee.

Colle delle Finestre ni upenyo wa milimani katika Alps, magharibi ya Torino, pale njia inapovuka mgongo wa mlima kutoka bonde moja kwenda jingine. Unaanzia mji mdogo wa Susa, kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na unamaliza kwenye mita 2,176. Katikati kuna kilomita 18 na nusu tu. Kwa msomaji wa nyumbani: kutoka bandarini Tanga hadi Lushoto unapanda mita 1,400 hivi, lakini umepewa zaidi ya kilomita 100 za kujizoesha, na ikikushinda unaishia Mombo, unakaa chini unakula mahindi ya kuchoma ukingoja basi. Finestre haina Mombo. Kilomita 10 na kidogo za mwanzo ni lami nyembamba inayojipindapinda msituni kama utumbo, 8 za mwisho ni changarawe, na yote kwa pamoja inainuka kwa wastani wa asilimia 9 na ushei. Njia hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya jeshi, kuifikia ngome ya Fenestrelle iliyo upande wa pili. Habari hii ya jeshi mzee alinipa tukiwa katikati ya mlima. Si kabla.

Baiskeli aliniazima ya kwake ya pili. Usukani wake umejikunja kama pembe za kondoo dume, na matairi yake ni mapana, milimita 45, ndani hamna tyubu ila dawa nyeupe kama tui, ambayo mwiba ukichoma inaziba tundu yenyewe. Hapo nilivua kofia. Laiti tui hilo lingekuwepo enzi zangu za Pongwe, fundi pancha wa pale njia panda angekuwa amekufa njaa. Lakini nilipolibonyeza tairi kwa kidole gumba, likabonyea kama embe bolibo lililoanza kuiva.

"Mzee wangu," nikamwambia kwa adabu, "hii haina upepo."

"Ina upepo wake," akanijibu, na akanieleza kwa kirefu kwamba kwenye mawe tairi linatakiwa kulegea ili lilikumbatie jiwe badala ya kulirukia. Nikaitikia kwa kichwa. Moyoni nikasema: mzee wa watu, mkono haupigi tena pampu.

Jumamosi asubuhi tukateremka kwenye treni pale Susa. Mzee akaenda kunywa kahawa, maana Mwitaliano haanzi mlima, wala ndoa, wala ugomvi, kabla ya kahawa. Akaniachia mabegi niyalinde. Nikalinda. Kisha nikatoa pampu yake begini na kuyajaza matairi yangu upepo wa heshima, upepo wa Tanga, upepo wa kubebea gunia la nazi na shangazi juu yake. Yalipogongwa yakalia kama ngoma. Pampu nikairudisha mahali pake, nikajitia hamnazo.

Sasa kuna hili suala la viatu. Viatu vya baiskeli hizi vinajifunga kwenye pedali kwa kibati, kwaa, na ukitaka kutoka unatakiwa kuzungusha kisigino nje. Ukisahau, mwili unasimama na baiskeli, na baiskeli ikilala mnalala wote. Susa wana tao la Kaisari Augusto, lililojengwa kabla ya kuzaliwa Kristo, na bado limesimama. Nilisimama mbele yake kulistaajabia. Mimi nilisimama kwa sekunde tatu.

Mlima tukauanza. Sitaki kuwachosha kwa habari za lami, ila kuna mama mmoja. Alikuwa anakwenda kwa miguu, kikapu mkononi, nadhani anaokota uyoga, umri wake si chini ya miaka 70. Nikampita kwenye kona, nikamwamkia kwa Kiitaliano changu kizuri: "Buongiorno, signora!" Akaitikia. Kona ya juu yake nikamkuta amesimama kando ya njia anachungulia chini ya mti. Kumbe njia ya miguu haizunguki na kona. Inakata moja kwa moja. Nikamwamkia tena, akacheka. Kona iliyofuata nikamkuta tena. Safari hii hakuitika, akanitazama tu kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto anayejaribu kuvaa shati kupitia mkono. Kwenye kona za msitu ule ndipo nilipotambua kwamba mwendo wangu ni mwendo wa kikapu cha uyoga.

Mzee alikuwa mbele, anaimba.

Lami ikakoma. Hapa lazima nisimame kidogo, na kwa kweli nilisimama, kisigino nikakikumbuka. Mbio za baiskeli za Giro d'Italia zilipita changarawe hii kwa mara ya kwanza mwaka 2005. Mwaka 2018 Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, kijana aliyenolewa na David Kinjah kule Kikuyu, alichomoka hapa hapa zikiwa zimebaki kilomita 80, akaenda peke yake hadi mwisho, akaishia kulichukua taji lote la Giro. Siku hiyo hiyo Simon Yates, Mwingereza aliyeamka akiwa kiongozi na jezi ya waridi mwilini, aliona cha mtema kuni: alichelewa zaidi ya nusu saa. Akalitunza deni lake miaka 7. Mwaka 2025 akarudi kwenye mlima ule ule, mbio zikiwa zimebakiza siku moja, akaivaa jezi. Mimi Jumuiya ya Afrika Mashariki naiheshimu sana. Ushindi wa Nairobi ni ushindi wa Tanga, isipokuwa kwenye mpira. Nikajiambia, hii changarawe ina damu ya nyumbani, haiwezi kunitupa.

Simu ikalia. Mama, kwa video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema hivyo? Unakimbizwa?"

"Hapana mama, napanda mlima kwa baiskeli."

"Gari limeharibika?"

"Sina gari, mama."

"Miaka 9 Ulaya huna gari, sasa ndiyo umepata baiskeli." Akanyamaza, anapiga hesabu. "Hebu nionyeshe huko uliko."

Nikaigeuza simu. Akaiona njia inavyopanda kwenye majani matupu, nyeupe, mawe na vumbi, kona juu ya kona mpaka mawinguni.

"Mbona kama njia ya Pongwe? Serikali yao haina hela ya lami?"

"Wameiacha hivyo kwa makusudi, mama. Watu wanatoka nchi za mbali na baiskeli zao kuja kupita hapa."

"Kwa hiari yao?"

"Kwa hiari yao."

"Basi waambie waje huku," alisema mama, "tutawapa na mashimo."

Nikaagana naye, nikapanda. Na hapo upepo wa Tanga ukaanza kufanya kazi yake. Kila jiwe nililolikanyaga lilinirusha. Sikuwa naendesha, nilikuwa nakaangwa kama bisi. Nikikanyaga pedali kwa nguvu tairi la nyuma linazunguka pale pale na kurusha kokoto. Nikiinama mbele ili lishike, la mbele linakwenda linakotaka, na mara nyingi lilitaka korongoni. Meno yaligongana hadi nikaogopa kwa ajili ya lile la dhahabu. Pale Pongwe gunia la nazi ndilo lililokuwa linalituliza tairi, na mimi nilikuwa nimekuja na upepo wa gunia bila gunia.

Kibaya zaidi, hali ilizidi kadiri tulivyopanda. Baadaye mzee alinieleza sababu, na ukiifikiria ni haki kabisa: kwenye mita 2,000 na zaidi mkandamizo wa hewa ni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Upepo uliofungiwa ndani ya tairi unabaki ule ule, wa nje unaokandamiza umepungua, basi tairi linajiona kubwa na kuzidi kukakamaa. Kwa hiyo pale mlimani palikuwa na upepo mwingi kupita kiasi mahali pawili nisipouhitaji, na kifuani, nilipouhitaji, haukuwepo kabisa.

Mzee aliponiona nimeshuka naikokota baiskeli, akarudi. Hakusema neno. Alilibonyeza tairi kwa kidole gumba, kidole kikagoma. Akalibonyeza na la pili. Akalitazama begi lake. Akanitazama mimi.

"Huu ni upepo wa wapi?"

"Wa Tanga," nikakiri.

Akapiga goti, akafungua kidude cha valvu. Psssss. Ilichukua muda mrefu. Ng'ombe wawili wenye kengele shingoni waliacha kula wakageuka kusikiliza. Akahamia la pili: psssss. "Uache urudi kwao," akasema, akapangusa mikono, akaondoka, na wimbo akauendeleza pale alipoukatia.

Inaniuma kuandika hivi, lakini lile tairi bolibo lilipanda. Lililala juu ya mawe, likayashika, likanitoa. Sikugeuka Froome, nilipitwa na kila aliyenikuta. Lakini nilipitwa nikiwa nimekaa kwenye kiti, si nikiwa naruka juu yake.

Kileleni kuna kibao, gofu la ngome, na baridi. Susa tuliacha joto la kuvua shati. Huku juu, kwa kuwa kila mita 1,000 zinakupunguzia kama nyuzi 6, jasho lilianza kunigeukia mgongoni. Mimi nilikuwa nimebeba chapati nne na sikubeba koti. Mzee akatoa begini gazeti lake la michezo, lile la karatasi ya waridi, La Gazzetta dello Sport, ambalo ndilo lililoanzisha Giro mwaka 1909. Jezi ya kiongozi ilipewa rangi yake mwaka 1931. Akalikunjua, akanifungua zipu kama mzazi anayempeleka mtoto shule, akalipachika kifuani. Ndivyo waendeshaji wa zamani walivyojikinga na upepo wa kuteremka. Tukala chapati. Alikula tatu. Nadhani ilikuwa faini.

Kuteremka upande wa pili ni lami, na sina la kujivunia: nilibana breki hadi vidole vikafa ganzi, ng'ombe wakanisubirisha njiani, na hatimaye bonde likatupokea kwa joto hadi Pinerolo, kwenye treni ya Torino. Mle ndani ndipo nilipofungua zipu na kulitoa gazeti, ukurasa mmoja mmoja, limelowa chapachapa, nikazitandaza kurasa kwenye kiti cha jirani zikauke. Bwana mmoja aliyekaa mkabala alikuwa anazifuata kwa macho. Nilidhani ananishangaa. Akainama, akaniuliza kwa upole kama nina ukurasa wa matokeo ya Torino, au bado nimeuvaa.

Ulikuwa bado kiunoni. Nikampa.

Baiskeli nimeirudisha ikiwa salama. Jumamosi ijayo mzee anataka twende Assietta, njia ya changarawe inayofuata mgongo wa mlima kutoka upande ule wa Finestre hadi Sestriere, sehemu kubwa yake juu ya mita 2,000. Nimekubali, na mke wangu atapika chapati nane. Pampu ataibeba mzee mwenyewe, mfukoni.