Muulize Shangazi: Mtulinga na Makorongo

Shangazi, nasoma uzamili hapa Dodoma. Utafiti wangu ni makorongo ya Kondoa na nimepanga kwenda kwa baiskeli. Mwezi uliopita bodaboda alinichomekea, nikaanguka, nikavunjika mtulinga. Goti nalo limevimba. Msimamizi anadai data. Siwezi kuendesha kwa mkono mmoja?
— Mvunjika, Area C

Mwanangu, breki ya pili utaibana kwa meno? Mtulinga wa mtu mzima huunga kwa wiki 6 hadi 12, na kuunga si kukomaa. Ukiinamia usukani, uzito wote unaishia begani. Lami itakufikisha Kondoa, kilomita 160 hivi, lakini makorongo hayako kwenye lami. Jirani akikuletea mchuaji, mpe chai aende zake. Mfupa uliovunjika hauchuliwi.

Kinachonishangaza zaidi ni mada yako. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973. Walichimba makinga maji, wakapanda miti, na mifugo ikaendelea kukanyaga kila kilichochipua. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo la Kondoa lililomomonyoka, ndipo nyasi na vichaka vikarudi. Wafugaji walilia, tena kwa haki. Hilo usiliache kwenye tasnifu. Sasa wewe unayesomea ardhi iliyopona kwa kupumzishwa, bega lako unalinyima hata miezi mitatu?

Msimamizi mwambie hivi: mwaka huohuo wa 1973 iliamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, na Serikali ikaanza kuhamia kwa dhati 2016. Mji huu unajua kusubiri. Wewe fuatilia kibali: barua ya chuo ikipita mkoani, wilayani, hadi kwa mtendaji wa kijiji, mfupa utakuwa umeshaunga. Daktari akiruhusu, anza na baiskeli ya mazoezi isiyokwenda popote. Safari iwe baada ya masika, na mzigo ufungwe kwenye keria, si mgongoni.

Shangazi, mwanangu ana mkono kwenye kombeo na kila jioni namkuta anajaza upepo baiskeli. Mabasi ya Kondoa yapo!
— Mama Mtu, Kongwa

Wifi, huyo namjua, ameshaniandikia. Ficha pampu, mpikie mlenda, na nauli ya basi mpe mkononi, ule mzima.