Sifa za Pancha

Wapo wanaosifia pilau, wapo wanaosifia gari jipya la shemeji. Mimi leo nasifia pancha, tena bila haya, kwa sababu miezi mitatu hii ndiyo kocha wangu.

Nimejitia kiherehere cha kujiandaa na Twende Butiama, ule msafara wa baiskeli unaotoka Dar es Salaam hadi alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere, waendeshaji wakipanda miti na kuchangia madawati ya shule njiani. Ni zaidi ya kilomita 1,000. Mazoezi yangu huanzia Buguruni Sheli saa kumi na moja alfajiri, kabla makonda hawajaanza kugombea abiria. Nafuata Barabara ya Mandela hadi Tazara, nakunja kulia, napita uwanja wa ndege, Gongo la Mboto, napanda Pugu, kisha Kisarawe nikijaliwa. Na wa kunijalia ni pancha.

Tuanze na nasaba, maana mwenye sifa huulizwa kwao. Zamani baiskeli zilikuwa na matairi ya mpira mtupu; zilimtikisa mtu hadi meno, lakini msumari haukuwa na la kuzifanya. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, Mskoti daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, akapata hataza ya tairi la upepo, alilolibuni kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Watu wakaonja raha ya kukalia upepo, na pancha ikazaliwa papo hapo. Raha ile ina pacha wake. Hata majina yao, pacha na pancha, yamepishana herufi moja tu.

Tabia yake sasa. Pancha haibagui. Yule jamaa mwenye baiskeli ya mamilioni, kofia ngumu na kaptula ya kubana, akikanyaga kigae cha chupa anashuka kama mimi mwenye Phoenix ya kurithi. Mbigili haiulizi bei.

Pancha pia inamrudisha mtu kwenye historia. Ikikupata pasipo na fundi, utakokota. Wanaonung'unika wamesahau kwamba Oktoba 1967 Mwalimu mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Basi anayekokota baiskeli toka Gongo la Mboto hadi Buguruni, jasho linamtoka na watoto wanamcheka, amemkaribia Mwalimu kuliko wale wanaompita wakiteleza.

Lakini fadhila yake kubwa niliionea Pugu, chini ya mwembe. Fundi, kijana mdogo, aliipindua baiskeli, akalibandua tairi kwa vijiko viwili, akachomoa tyubu na kuijaza upepo. Kisha akaizamisha kwenye beseni la maji meusi, akaipitisha vidoleni taratibu, pingili kwa pingili, kama mtu anayevuta tasbihi. Vipovu vikatoka. Akakausha, akapiga msasa, akapaka solusheni, akasubiri. Mimi nikamhimiza abandike. Hakunijibu, alikuwa anapapasa tairi kwa ndani, mpaka akautoa mwiba usiozidi punje ya mchele. "Ukiziba ukauacha huu," akasema, "utaniona tena hapo mbele."

Nikaingiza mkono mfukoni. Pochi nimeiacha Buguruni.

"Nenda tu, braza. Jero utaleta siku ukipita."

Mimi ninayesaka pumzi ya kwenda kuchangia watu mikoani, nikawa nimechangiwa kabla sijakipita kilima cha Pugu. Somo hilo kocha gani wa kulipwa angelifundisha? Miguu inazoea kilomita kwa wiki chache. Kusimama kando ya barabara, huna kitu, ukamwangalia mtu usiyemjua akikuhudumia, huko ndiko kunakotaka mazoezi.

Hata hivyo, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na pancha yangu nahisi imeshavimba kichwa. Jumamosi iliyopita nilikwenda kulipa deni. Nilifika kwa miguu, baiskeli begani, tairi la nyuma limelala kama chapati. Fundi akalitazama, akanitazama, akavuta beseni lake karibu.

"Sasa itakuwa buku, braza."