Bei ya Dagaa Chini ya Tangazo la Msiba

*Ndugu Mshauri, mimi ni katibu wa group la WhatsApp la wenye mitumbwi hapa Makoko. Tulitangaza msiba, mtu akalijibu tangazo lenyewe akiuliza sado ya dagaa ni shilingi ngapi. Wakamjibu wengi. Hadi jioni watu hawajui mazishi ni saa ngapi. Niwaondoe wote? Katibu Aliyechoka, Musoma.*

Ndugu Katibu, ukiwaondoa wote jeneza utabeba na nani? Kuuliza bei si kosa, dagaa ndiyo riziki ya watu. Kosa ni kulipachika swali kwenye tangazo la mwingine. Ukibonyeza kujibu, umewaambia wasomaji kwamba maneno yako yanahusu yale yaliyo juu yake; yasipohusu, umewapoteza. Na anayepotea zaidi ni asiyekuwepo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo siku za giza wavuvi wako huwa ziwani wakati group linachangamka. Asubuhi wanafungua simu na kukuta rundo la meseji. Wakiona msiba umezaa bei za sado, wanaruka yote, na saa ya mazishi humohumo. Mwandishi ameokoa nusu dakika. Gharama wamelipa wasomaji.

Ofisi zetu zililijua hili kabla ya intaneti. Barua ya serikali ina Kumb. Na. na ina YAH. Anayejibu hutaja kumbukumbu ya barua anayoijibu. Mwenye jambo jipya huandika barua mpya. Ombi la likizo likipenyezwa ndani ya majibu kuhusu madawati, masijala italiweka kwenye faili la madawati, na mwombaji atasubiri sana. Barua pepe nayo ina kumbukumbu yake, ila imefichwa: jibu hubeba utambulisho wa ujumbe uliotangulia, hivyo hata ukibadilisha kichwa, baadhi ya programu bado zitaliweka chini ya mazungumzo ya zamani. Usibonyeze kujibu kwa ajili ya kuokota anwani za watu tu. Anza upya.

*Mshauri, huo ni urasimu. Kijiweni tunatoka kwenye mpira tunaingia kwenye siasa, na hakuna anayepotea. Mzee wa Kijiwe, Bunda.*

Shikamoo mzee. Kijiweni ni sawa kabisa, waliopo wanasikiana. Lakini nani hurudi kijiweni baada ya wiki kutafuta namba ya kutumia rambirambi? Kwenye group anarudi. Hata mkutano wa mtaa, ambao ni wa mdomo, una ajenda, na yasiyopangwa husubiri “mengineyo”. Hoja nzito zaidi ni kwamba bando ni ghali na wazee wengi hawajui pa kubonyeza. Naikubali nusu. Neno moja mwanzoni, MSIBA, BEI au INJINI, linakula bando dogo kuliko meseji kumi za “unaongelea nini?” Asiyeweza hata hilo aelekezwe pembeni, si mbele ya watoto wake. Tena si kila mgeuko ni kosa: anayeuliza chini ya msiba kama kuna gari la kwenda makaburini amejibu vizuri. Jiulize tu kama mwenye tangazo angetaka kulisoma swali lako.

Katibu, tangazo lijalo (Mungu aliweke mbali) lianze na saa na mahali pa mazishi, kisha ruhusu viongozi pekee kutuma hadi lisomwe. Nawe muuliza bei, andika ujumbe wako peke yake, uanze na BEI YA DAGAA. Wauzaji watakuona haraka zaidi kuliko walivyokuona msibani.