Sifa za Gemu Linalochosha Mkono

Red Steel 2 ni gemu sumbufu, na usumbufu wake ndio ninaousifu. Ubisoft walilitoa mwaka 2010 kwa ajili ya Wii, mashine ya michezo ya Nintendo. Linachosha bega, linadai nafasi sebuleni, na halichezeki bila kifaa cha ziada. Yote hayo ni kweli, na kila moja lina haki ya kushukuriwa.

Tuanze na kifaa. Rimoti ya kwanza ya Wii ilitambua kwamba mkono umetikisika na kwa nguvu kiasi gani, lakini haikujua sawasawa umegeukia wapi. Red Steel ya kwanza, iliyotoka mwaka 2006 pamoja na Wii yenyewe, ilibeba upungufu huo: mchezaji anapunga upanga, gemu linakisia, kisha linaonyesha pigo lililoandaliwa tangu kiwandani. Mwaka 2009 Nintendo wakatoa Wii MotionPlus, kipande kidogo cha kuchomeka chini ya rimoti, chenye jairoskopu za kupima jinsi mkono unavyozunguka. Mafundi wa Ubisoft kule Paris wangeweza kukifanya kifaa hicho cha hiari, wakamuuzia gemu kila mwenye Wii. Wao wakakata shauri: asiye nacho hachezi. Waliwafungia wateja nje, lakini aliyeingia alikuta upanga unaomtii.

Tuje kwenye jasho. Shujaa hana jina. Ni mtu wa mwisho wa ukoo wa Kusagari, amerudi katika mji wa Caldera, kwenye jangwa la Nevada, akiwa na katana na bastola. Mkono ukipunga, upanga unakata. Kidole kikibonyeza kitufe cha B, risasi inatoka. Silaha zote mbili zimo katika rimoti moja. Sasa anakuja adui aliyevaa deraya. Ukimchapa kwa kifundo cha mkono tu, humfanyi kitu. Inua mkono hadi juu ya bega, ushushe kwa nguvu zako zote, na deraya itavunjika. Akileta pigo la kutoka juu, unashikilia A na kuilaza rimoti. Akileta la ubavuni, unaisimamisha. Baada ya mapambano machache mkono unawaka moto. Ndivyo inavyopaswa kuwa: mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mtaka upanga sharti aubebe.

Hata jairoskopu zina usumbufu wake. Hupoteza mwelekeo kidogo kidogo, ikabidi rimoti ilazwe mahali tambarare itulie. Naipenda desturi hiyo, kwa sababu inampa mpiganaji nafasi ya kuvuta pumzi, naye anaihitaji kuliko rimoti.

Na ile kazi ya kusogeza meza, kuwaondoa watoto karibu na kufunga kamba kifundoni? Hiyo ni adabu ya silaha. Mwishoni mwa 2006 Nintendo walilazimika kuwabadilishia wateja kamba milioni 3.2 hivi, kwa kuwa zile za awali zilikuwa zikikatika na rimoti kuruka. Anayepunga upanga lazima ajue nani amesimama nyuma yake.

Michezo mingi ya Wii ilimfundisha mchezaji uvivu: kaa kwenye kochi, tikisa kidogo, ushindi ni wako. Ilimdanganya kwamba amepigana. Red Steel 2 haikumdanganya mtu. Ilimdai nguvu na ikamlipa kwa pigo lililo lake hasa. Mpaka leo Ubisoft hawajatoa ya tatu, na hiyo ni hasara kwetu sote tunaopenda michezo ya upanga.

Kwa hiyo, ukibahatika kupata Wii ya mtumba, litafute gemu hili na uhakikishe rimoti ina MotionPlus. Funga kamba, simama wima, piga kwa mkono mzima. Kesho yake bega likikuuma, ujue umecheza.